Begi Alilonichagulia Mjomba

Juzi nilimpeleka mdogo wangu Zuhura dukani, hapa Masasi mjini, kuchagua begi la laptop. Anaanza chuo. Mabegi yalikuwa yamening'inizwa hadi darini, mapya, yananuka ule mpira na nailoni unaokwaruza koo. Muuza duka, kijana mmoja mchangamfu, akamvalisha Zuhura moja jeusi mgongoni. Akasimama nyuma yake, akailegeza mikanda, akairefusha mpaka begi likashuka kiunoni. "Hili lina nafasi, dada," akasema. "Hata ukinenepa, linakusubiri." Nikamwambia airudishe mikanda ilipokuwa, tena upesi. Nilisema kwa ukali hadi wateja wengine wakageuka. Zuhura akamwomba kijana wa watu radhi, na njia nzima ya kurudi nyumbani akawa ananiuliza: dada, yule kaka kakukosea nini?

Hakunikosea kitu, masikini. Aliyenikosea namjua, ni mjomba wangu mwenyewe, na hasira ninayo hadi leo wala sijaomba mtu anipoze. Kila nikilisema hili kwenye ukoo naambiwa yamepita. Yamepita kwa nani? Zuhura hayakumbuki, alikuwa mdogo mno. Nyinyi wa rika langu, mliotoka unyagoni miaka ile ile niliyotoka mimi, mtanielewa bila kutafsiriwa.

Nimezaliwa Chilangala, juu huko Newala. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba yangu aliachana na mama nikiwa sijaota meno ya pili, akarudi kwao, na hakuna aliyemlaumu wala kumtafuta, kwa sababu mjomba yupo. Baba wa Zuhura, aliyekuja baadaye, naye hakukaa. Mjomba ndiye anayesema mtoto ataingia unyagoni lini, ataolewa na nani, atasoma au atakaa. Huyu wetu alikuwa kaka mkubwa wa mama. Alihamia Masasi zamani, akaoa huko, akawa anapanda kwetu msimu wa korosho tu. Siku ya kula jasho la mama alikuwa mjomba kamili. Siku nyingine zote alikuwa baba wa watoto wake.

Nilipokuwa shule ya msingi sikuwa na begi. Madaftari nilibebea kwenye mfuko wa salfa, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho. Mama aliufua mfuko ule kwa majivu, akaufua tena kwa sabuni, na bado ulitoa harufu ya kuchoma pua. Madaftari yalinuka, mikono ilinuka, na mvua ikininyeshea nilinuka mwili mzima. Wenzangu wakanibandika jina, Salfa. "Salfa huyo anapita, zibeni pua!" Nililia sana mwanzoni, baadaye nikaacha, nikawa napigana. Mama alikuwa anaona nikirudi nimechubuka. Akaniahidi kwamba nikifaulu darasa la saba ataninunulia begi la dukani, jipya, ambalo halijawahi kubeba kitu cha mtu mwingine.

Nikafaulu. Nikapangiwa sekondari ya bweni, upande wa Lukuledi. Na msimu ule, Mungu si Athumani, mikorosho ya mama ilizaa hadi matawi yakagusa chini, na shamba zima likanukia mabibo yaliyoiva. Ikapangwa kwamba likizo ile niingie unyagoni, nikitoka niende shule. Korosho zilipouzwa, mama akanichukua tukashuka Masasi kununua begi. Mjomba alitupokea akasema, "Msinunue bila mimi. Hawa wauzaji watawaona washamba." Mama akashukuru. Na mimi nikashukuru, mjinga mimi.

Dukani nililiona begi langu kabla sijavuka kizingiti. La zambarau, lina mifuko miwili mbele na zipu ya rangi ya fedha. Nililishika tu, sikusema kitu. Mjomba akaninyang'anya taratibu, akalirudisha kwenye msumari. "Rangi gani hii? Likidondokewa na bibo moja tu, kwisha habari yake. Doa la bibo halitoki." Akashusha jeusi. Akalifungua na kulifunga zipu, akalivuta mishono, akaligeuza tumbo nje. Akamwuliza muuzaji kama linaingiza maji. Akaingiza mkono ndani na kubonyezabonyeza upande wa mgongo, ulikokuwa na mfuko wenye sponji nene. "Hapa ndipo pa laptop," muuzaji akasema. Mjomba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa chakula alichokiagiza.

"Kaka, laptop ya nini?" mama akauliza. "Mtoto anaanza kidato cha kwanza."

"Mdogo wangu, dunia inakwenda wapi?" Mjomba akamjibu. "Unamnunulia mtoto begi la leo au la kesho?"

Jamani, nilivimba kichwa! Sikuwahi kusikia mtu mzima akiizungumzia kesho yangu. Laptop nilikuwa nimeiona kwa mbali, mezani kwa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa. Nikapiga hesabu zangu za kitoto. Mama hakuwahi kushona mfuko kwenye gauni langu bila kuwa na kitu cha kutia humo, basi na hawa waliotengeneza begi wasingeweka mfuko wa laptop bure. Bila shaka shule ya Lukuledi ilikuwa inawagawia wanafunzi laptop, na Mjomba, kwa kuwa mtu wa mjini, alikuwa anajua. Kisha akanivalisha. Akasimama nyuma yangu, akairefusha mikanda mpaka mwisho, begi likanipiga mapajani. "Linamshinda," mama akasema. "Atakua," Mjomba akasema, akanipapasa kichwa. Halafu akalivaa yeye, akajitazama kwenye kioo cha duka, kushoto na kulia. Nikacheka. Nilimpenda siku ile, nasema kweli.

Mama alitaka begi libaki kwenye nailoni yake mpaka siku yangu ya kutoka unyagoni. Na alikuwa na sababu. Kwetu ukitoka unyagoni huwi yule aliyeingia. Jina la utotoni linaachwa, ndiyo maana langu silitaji hapa. Na vitu ulivyovitumia kabla ya kuingia, kikombe, mkeka, gauni, havirudi kwako. Vinawekwa juu ya mkeka hadharani, vinagawiwa watoto ambao hawajaingia bado. Vya kwako vinakuwa vile unavyopewa siku hiyo, vipya. Kila mama wa Chilangala analijua hilo, na ndiyo maana hakuna anayempa mwali kitu kizuri kabla ya wakati.

"Mpe mtoto afurahi," Mjomba akasema palepale dukani, akaichana ile nailoni kwa kidole.

"Kaka, si unajua mambo yetu."

"Nisijue mimi, ujue wewe? Mwenye mwali ni nani hapa?"

Mama akanyamaza. Nikalivaa begi, nikapanda nalo Newala, nikiwa malkia.

Nililivaa kila mahali. Nilikwenda nalo kuokota korosho za mwishomwisho, nikachimba ming'oko, vile viazi vya porini, nikiwa nalo mgongoni, usiku nikalifanya mto. Niliingiza pua ndani ya ule mfuko wa sponji na kuvuta harufu yake, harufu ya kitu ambacho hakijawahi kuwa salfa. Mama alikuwa ananitazama kwa jicho fulani. Mara moja alisema, "Lipumzishe basi, mwanangu." Nilidhani anaogopa lisichakae.

Ya ndani ya unyago siyasemi. Nilifungwa mdomo na sijafunguliwa, na hata ningefunguliwa nisingewapa. Ya siku ya kutoka ninayasema, kwa kuwa yalitokea uwanjani, mchana kweupe, mbele ya watu.

Tulikalishwa juu ya mikeka tumepakwa mafuta, kila mmoja amegubikwa khanga mpya kichwani, macho chini. Mwali siku hiyo hatazami watu na hasemi. Anasema akishafunguliwa mdomo kwa zawadi, na hiyo ni mwisho kabisa, jioni. Kwa hiyo uwanja mzima niliuona kwa miguu. Niliona miguu ya wapiga ngoma, mikavu, ina mavumbi mekundu hadi magotini. Niliona miguu ya watani wetu, wale wenye ruhusa ya kututania hata msibani, wakicheza na kutupigia kelele masikioni ili tucheke. Niliona visigino vya mama vyenye magaga vikienda na kurudi. Kando yangu alikaa somo wangu, mwanamke aliyekabidhiwa kunifunda, na kazi yake siku ile ilikuwa kunifinya nikiinua shingo.

Wakati wa kugawa vitu ukafika. Mama akaweka mkekani kikombe changu, akaweka gauni langu la shule. Vitoto vikaitwa, vikachukua, vikakimbia. Halafu likashuka begi langu. Liliwekwa na mkono wa mwanamume, mkono wenye saa.

"Na hili nalo," ikasema sauti ya Mjomba. "Kalitumia, kalilalia, kijiji kizima kimeliona mgongoni mwake. Mila ni mila. Hamisi, njoo uchukue."

Zikaja raba nyeupe. Nilizijua. Hamisi alikuwa mtoto wake wa kwanza, kijana mwenye ndevu zake, aliyekuwa anakwenda kuanza chuo Mtwara. Na Hamisi alikuwa na laptop.

Wallahi, nilielewa yote kwa mpigo. Nilielewa ile rangi nyeusi, ule mfuko wa sponji, ile mikanda, kile kioo, na lile "mpe mtoto afurahi". Mtu mzima yule alikuwa amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa tangu dukani! Alichukua korosho za mama, akamnunulia mwanawe begi, akaniweka mimi katikati nilitie utoto kwa siku chache ili mila ilimwage kwake. Niliuona ule mkono wenye saa ukimkabidhi Hamisi begi. Na jambo moja likanijia, dogo tu, nikalisema kwa sauti yangu yote kutoka chini ya khanga.

"Hamisi katoka jandoni siku nyingi! Anapewaje vitu vya watoto?"

Ngoma ikakatika. Somo wangu akanifinya paja mpaka leo nahisi kucha zake. Mwanamke mmoja akasema "Mungu wangu!" na mwingine akaanza kutema mate chini, pu, pu, kufukuza mkosi. Mwali amesema!

Bi Fatu, kungwi wetu mkuu, akasogea. Nilimjua kwa fimbo yake na kwa miguu yake midogo iliyopinda. Mwanamke yule hata wenyeviti wa kijiji walikuwa wanamwogopa.

"Aliyesema tutamrudia," akasema. "Kwanza nijibiwe. Hamisi, baba, wewe ni mtoto?"

"Mimi, bibi? Mimi mtu mzima."

"Umetoka jandoni?"

"Nimetoka, bibi. Watu wote wanajua."

"Hicho ulichoshika ni kitu cha nani?"

Raba nyeupe zikarudi nyuma hatua moja. Watani walikuwa wanaisubiri nafasi hiyo maisha yao yote. "Labda jando halikumkolea!" mmoja akapiga kelele. "Mwiteni ngariba, yupo hapo nyuma, anakunywa uraka wa mabibo!" Mwingine akadakia, "Aje na kisu kile butu!" Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Begi likaanguka mchangani, na raba nyeupe zikaondoka mbio kati ya miguu ya watu.

"Cha utotoni ni cha mtoto," Bi Fatu akasema. "Mdogo wake mwali yuko wapi?"

Wakamleta Zuhura. Alikuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia bila kuanguka. Akalitazama begi, lilikuwa kubwa kuliko yeye, akalikalia. Watu wakapiga vigelegele. Nami chini ya khanga nikacheka bila kutoa sauti, machozi yananitoka, kwa sababu Zuhura ni wa nyumba yetu, na begi lilikuwa limerudi nyumbani.

Laiti mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa nahadithia kichekesho.

"Mmemaliza kucheka?" Mjomba akauliza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, alizungumza kama anayesoma hukumu. "Sasa na mimi nina swali la mila. Mwali ambaye hajafunguliwa mdomo, anasema?"

"Hasemi," Bi Fatu akajibu.

"Akisema, neno hilo ni la nani?"

Niliona fimbo ya Bi Fatu ikichorachora mchanga. Mwisho akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ni la mama yake.

"Basi aliyenitukana mimi na mwanangu mbele ya watani ni mdogo wangu huyu. Aniombe radhi hapahapa, kwa magoti. La sivyo mimi sina mpwa, na hiyo shule atafute mtu mwingine wa kumpeleka."

Na mtu mwingine hakuwepo. Kwetu mjomba akishasema mtoto haendi, hata mwenye gari hakupakii. Kila aliyesimama pale alilijua hilo, na wote walinyamaza. Bi Fatu naye akanyamaza! Mwanamke aliyekuwa na jibu la kila kitu alikosa la kusema palipohitajika neno moja tu la huruma. Hao ndio walioniambia kwa majuma kadhaa kwamba wanawake tusimame pamoja.

Viatu vya Mjomba vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi, viko mbele ya mkeka wangu kabisa. Nikaona visigino vya mama vikija, polepole. Nikaona magoti yake yakishuka kwenye mchanga, na mikono yake ikitangulia, ile mikono iliyoungua vidole kwa mafuta ya maganda ya korosho, myeusi kwenye ncha. Ningenyoosha mkono ningemgusa. Somo wangu alikuwa amenishika kiuno kwa mikono yote miwili.

"Nisamehe, kaka," mama akasema. "Neno limenitoka mimi."

"Sauti, mdogo wangu. Watani hawajasikia."

Na watani hawakucheka. Mama akarudia, kwa sauti kubwa, kila mtu akasikia. Mjomba akamwacha pale chini kitambo, akitazama huku na huko, ndipo akasema haya, inuka.

Jioni nilifunguliwa mdomo kwa shilingi na kipande cha kuku. Tulipobaki wawili nyumbani, mama ananiwekea vitu vyangu vya shule ndani ya begi, nikamwuliza kama alijua.

"Nilijua tangu alipoirefusha mikanda," akasema. "Wewe ulikuwa unamcheka. Mimi nilikuwa namjua, nimekua naye."

"Sasa mbona ulinyamaza, mama?"

"Ningesema, ungekwenda shule na nani?" Akafunga zipu. "Zuhura kasema umbebee begi lake mpaka akue. Ulitunze la mwenzio."

Nikamkasirikia mama pia, tena vibaya sana. Nilitaka awe amepiga kelele kule dukani. Nilitaka alie, alaani, amtupie mtu kikombe. Yeye akanipikia ugali wa muhogo, akaniambia nile nishibe, safari ni ndefu. Nimekuwa mwalimu sasa, nina mshahara wangu na mdomo wangu, na bado sijui ningefanya nini tofauti nikiwa nimesimama pale aliposimama yeye. Kutojua huko hakunipunguzii hasira hata kidogo.

Asubuhi ya kuondoka, Mjomba alikuja kunichukua. Alikuwa amevaa kofia safi, anataniana na majirani kama mtu asiye na deni na yeyote. Majirani nao walimchangamkia. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono wake, akanisubiri. Mama alikuwa nyuma yake, ameshika ufagio. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa, alinitazama tu. Kule ndani, na hili si siri, mama yeyote atakwambia, tulifundwa kwamba mtu mzima hasemi neno asilokuwa nalo moyoni.

Nikashuka chini, nikasema, "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, amefurahi kweli. "Umeona, mdogo wangu? Unyago umemkolea."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza wa utu uzima, na niliusema nimepiga magoti.